Kaka anasema mama atakuwa teja: jibu kuhusu mofini ya nyumbani

SWALI: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, ana saratani ya mlango wa kizazi. Alipigwa mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwaka jana, sasa yuko nasi nyumbani Morogoro. Mwezi uliopita alianzishiwa mofini ya maji kwa ajili ya maumivu. Kwenye chupa wameandika miligramu 5 kwa mililita 5, anywe mililita 5 kila baada ya saa nne, na wakati wa kulala mara mbili yake. Kaka yangu yuko Houston, anasema huko Marekani dawa hizi zimeua watu wengi, mama atakuwa teja, tuziache. Shangazi naye anasema mofini wanapewa wanaoagwa. Mama mwenyewe anaogopa, anakunywa akizidiwa tu, labda mara mbili au tatu kwa siku, tunampimia kwa kijiko cha chai. Jirani alitupa tramadoli, tumempa pamoja na diklofenaki, na tangu wiki iliyopita usiku anapata Valium ili alale. Leo ni siku ya sita hajapata choo. Siku hizi mbili anashtukashtuka mikono akisinzia, na mkojo umepungua. Je, niendelee kumpa mofini?"

Marahaba, binti. Nitajibu yote, la uteja, la kaka na la shangazi. Lakini naanza na jambo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo: mama anashtukashtuka mikono na mkojo umepungua. Hilo ndilo la leo. Mengine mnaweza kuyasoma mkiwa njiani kwenda hospitali.

Mlango wa kizazi umekaa jirani kabisa na mirija miwili inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. Saratani ikitanuka, au makovu ya mionzi yakikaza, mirija hiyo hubanwa, mkojo hurudi nyuma na figo huanza kushindwa kazi. Sasa angalia mofini inavyotoka mwilini. Ini huibadilisha, kisha mabaki yake, ambayo mengine yana nguvu ya kutuliza na kulaza kama dawa yenyewe, hutolewa na figo kwenye mkojo. Figo zikishindwa, mabaki hayo hujazana. Mgonjwa anakunywa kipimo kilekile cha siku zote, kumbe ndani ana ya leo, ya jana na ya juzi. Dalili zake ni hizo unazoziona: viungo kurukaruka vyenyewe, na baadaye usingizi mzito, kuchanganyikiwa, kuona watu ambao hawapo. Diklofenaki mliyoongeza hupunguza damu inayofika kwenye figo, kwa hiyo figo zilizokwisha kubanwa huzidi kuumia. Tramadoli nayo ina tabia yake ya kuleta mishtuko, hata degedege.

Kwa hiyo fanya hivi. Tramadoli na diklofenaki acheni leo. Valium msimpe usiku huu. Ameitumia kwa siku chache tu, hivyo kuikatisha si tatizo. Angekuwa ameizoea kwa miezi ningekwambia vingine. Mofini msiiongeze. Kama mama anaamka vizuri na kuzungumza nanyi kama kawaida, mpe kwa kiasi kilichoandikwa, si zaidi ya mara alizozoea kwa siku, hadi mfike hospitali. Kama ana usingizi mzito au anaongea vitu visivyoeleweka, ruka dozi inayofuata na mwende mara moja. Hospitali ya mkoa itapima kreatinini, yaani taka ambayo figo hutakiwa kuichuja, kwenye damu na kuangalia figo kwa ultrasaundi. Ikionekana figo zimebanwa, wanaweza kumpunguzia mofini, kutanua muda kati ya dozi na dozi, au kumbadilishia dawa, na pengine wakamrudisha kwa wataalamu kuona kama mrija wa kupitisha mkojo utamsaidia. Kitu ambacho daktari mzuri hatafanya ni kumwachisha dawa ya maumivu na kumwacha alie.

Nimesema hayo kwanza kwa sababu familia yenu, kama familia nyingi ninazozihudumia kwenye tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, inaogopa sana kitu kimoja ambacho kwa mama ni hatari ndogo, yaani uteja, huku vitu vinne vya hatari halisi vikipita mlangoni bila kuulizwa: figo, kuchanganya dawa, kipimo cha kukisia, na chupa kukaa mahali ambapo mtoto anafika.

Tuje kwa kaka. Hajadanganya. Marekani dawa za jamii ya mofini zimeleta msiba mkubwa. Kuanzia miaka ya 1990 zilitangazwa na kuandikwa kwa wingi kwa watu wenye maumivu ya mgongo, ya magoti, hata baada ya kung'olewa jino, wakiambiwa hazina shida. Wengi wakanasa. Baadaye wimbi lile likaingia kwenye heroini, kisha kwenye fentanili, dawa ya jamii hiyohiyo yenye nguvu zaidi, inayotengenezwa kiholela na kuuzwa mitaani, na katika mwaka 2021 na 2022 waliokufa huko kwa kuzidisha dawa za aina zote walipita laki moja kila mwaka, wengi wao kwa fentanili hiyo. Anachokiona kaka yako kwenye taarifa za habari kipo. Lakini mwongozo ambao Wamarekani wenyewe waliutoa mwaka 2016 ili kubana uandikaji wa dawa hizi ulisema wazi kwamba hauwahusu wagonjwa walio kwenye matibabu ya saratani, wa tiba shufaa, na walio mwishoni mwa maisha. Hata huko Houston, mama mwenye saratani na maumivu kama ya mama yenu angepewa mofini au ndugu yake. Mwambie kaka hivyo, kwa upole. Mtu aliye mbali na mama mgonjwa hushika jambo moja analoweza kulisimamia kwa simu.

Huku kwetu tatizo limekuwa kinyume chake. Mofini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977, lakini tume ya jarida la tiba la Lancet ilipohesabu mwaka 2017, kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hii zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Wagonjwa wetu wengi wanakufa wakiuma shuka bila hata kuiona chupa. Mama ameipata. Ndiyo maana linaniuma kusikia inakaa kabatini.

Inafanyaje kazi? Mwili una vipokezi, yaani mahali padogo ambapo kemikali hushika na kufanya kazi, kwenye uti wa mgongo na ubongo, ambavyo kazi yake mojawapo ni kupunguza ukali wa habari za maumivu. Mofini hukaa kwenye vipokezi hivyo. Ugonjwa unabaki pale ulipo, ila habari yake haifiki kichwani ikiwa na makali yale. Tatizo ni kwamba vipokezi vya namna hiyohiyo viko pia kwenye utumbo, na ndiyo sababu choo hukauka. Vipo tena kwenye shina la ubongo linaloendesha pumzi, na ndiyo sababu dozi kubwa mno hupunguza kupumua hadi kusimamisha. Ukishalielewa hilo, maelekezo yote ya usalama yanajieleza yenyewe.

Sasa neno teja. Watu hulitumia kwa mambo matatu tofauti. La kwanza ni mwili kuizoea dawa: ukiinywa kila siku kwa wiki kadhaa kisha ukaikata ghafla, utatoka jasho, utaharisha, utatetemeka, hutalala, ndiyo hali ambayo vijana wa mtaani huiita arosto. Hilo linaweza kumpata yeyote, hata mchungaji au sheikh, na dawa yake ni kupunguza taratibu kwa maelekezo ya daktari badala ya kukata. La pili ni kuhitaji dozi kubwa zaidi kadiri muda unavyokwenda. Kwa mgonjwa wa saratani mara nyingi hiyo ni habari ya ugonjwa kuongezeka, ingawa mwili nao huzoea kiasi. La tatu ndilo uteja wenyewe: mtu anaitafuta dawa kwa ajili ya hisia zake, anadanganya, anauza vitu vya nyumbani, anaendelea hata inapomharibia maisha. Kwa mgonjwa wa saratani anayepewa mofini kwa saa, na mtu mwingine anayeishika chupa, hilo la tatu si la kawaida. Haliko sifuri. Kama mtu aliwahi kuwa mlevi au kutumia unga, tunampa dawa vilevile, ila kidogokidogo na kwa kumfuatilia karibu zaidi. Mama anayeogopa hata kunywa kijiko kimoja hayuko huko.

Na ningekuwa nimeulizwa na mtu wa miaka 35 mwenye mgongo unaouma kwa mwaka mzima, anayenunua tramadoli duka la dawa bila cheti, jibu langu lingekuwa tofauti kabisa. Kwa maumivu ya namna hiyo dawa hizi husaidia kidogo kwa muda mrefu na hunasa sana. Kwa mama mizani inaegemea upande wa pili.

Kuhusu shangazi: ninaelewa imani hiyo imetoka wapi. Kwa miaka mingi mofini ilikuwa inaletwa siku tatu za mwisho, mgonjwa amekwisha, kwa hiyo watu waliona chupa na jeneza kwa kufuatana. Ikianzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa kwa hatua, haifupishi maisha. Ninao wagonjwa wanaoitumia kwa miezi mingi, wanakwenda kanisani, wanauza genge. Wengine mionzi inapofanya kazi na maumivu kupungua, tunaishusha hadi kuiacha.

Kosa kubwa zaidi kwenu ni hilo la kusubiri azidiwe. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne, kisha huisha. Maumivu ya saratani ni kama moto wa nyasi kavu: ukiuwahi, unazima kwa ndoo moja, ukisubiri ushike shamba, utamwaga pipa na bado utawaka. Anayekunywa akizidiwa hupata siku yenye milima na mabonde, na kila mlima humwogopesha zaidi. Ratiba mliyopewa, majibu ya figo yakiiruhusu, inakaa vizuri kwenye saa zetu: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi ya mara mbili ili apitishe usiku bila kuamshwa saa 8. Kati ya dozi na dozi maumivu yakimjia ghafla, kuna dozi ya akiba. Kwa kawaida huwa sawa na ile ya kila saa nne, ila mwulize aliyewaandikia, na akishaangaliwa figo. Akisahau dozi, anywe atakapokumbuka na kuendelea na ratiba, asifidie kwa kunywa mbili pamoja. Akihitaji za akiba mara nyingi kila siku, ni ishara kwamba dozi ya msingi ipandishwe na daktari au muuguzi wa tiba shufaa. Nyinyi msiipandishe wenyewe.

Kipimo. Achana na kijiko cha chai. Vijiko vya nyumbani havilingani, kimoja kinabeba mililita 3 na kingine 7, na tofauti hiyo kwa mgonjwa dhaifu ni kubwa. Nunua bomba la sindano la mililita 5, tupa sindano, baki na bomba. Ingiza ncha kwenye dawa, vuta polepole, inua bomba usawa wa macho yako, ukiona povu la hewa gonga kwa kidole lipande juu, lisukume litoke, kisha vuta tena hadi ukingo wa mpira ulale juu ya mstari wa 5. Mpe mama pembeni mwa shavu akiwa ameketi. Bomba lioshwe kwa maji na lisitumike kwa kitu kingine.

Kila mnapopewa chupa mpya, soma maandishi kabla ya kuondoka dirishani. Uliza mambo mawili: miligramu ngapi, na ziko kwenye mililita ngapi. Chupa yenu ina miligramu 1 katika kila mililita. Zipo zenye nguvu mara kumi ya hiyo. Uganda, ambako Hospice Africa Uganda imekuwa ikitumia mofini ya maji tangu mwaka 1993, waliamua kuitia rangi: ya kijani ni miligramu 5 kwa mililita 5, ya pinki 50, ya bluu 100. Mtu aliyezoea ya kijani akapewa ya pinki na kupima kiasi kilekile cha mililita, amekunywa dozi kumi kwa mkupuo. Kama chupa yenu ikibadilika rangi, nguvu au maandishi, usidhani. Piga simu uliza.

Choo ni la haraka pia. Usingizi na kichefuchefu cha mofini kwa kawaida hupungua baada ya siku tatu hadi tano, mwili unapozoea; choo kigumu hakizoeleki hata baada ya mwaka. Ndiyo maana yeyote anayeandikiwa mofini alipaswa kuandikiwa na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, kwa mfano bisakodili au sena, inywewe kila usiku na si kusubiri afunge. Papai na maji vinasaidia ila havitoshi peke yake. Mama ana siku sita, kwa hiyo kabla ya kumpa chochote achunguzwe. Kama tumbo limejaa na kukaza, anatapika, na hata hewa haitoki, huenda utumbo umeziba, na dawa ya kusukuma choo hapo inaweza kuleta madhara. Wakithibitisha haujaziba, watamwondolea kile kilichokaa, kisha aanze dawa ya kila siku.

Kuchanganya nimeshagusa, lakini nieleze sababu. Tramadoli hukaa kwenye vipokezi vilevile vya mofini, kwa hiyo kuziweka pamoja ni kuongeza usingizi na kichefuchefu bila kuongeza unafuu wa maana. Valium, pombe, hata piritoni, kila kimoja hulaza ubongo kwa njia yake; juu ya mofini hulaza na pumzi. Vifo vingi vya dawa hizi hutokea kwenye mchanganyiko. Halafu dawa ya jirani iliandikwa kwa mwili wa jirani. Najua aliitoa kwa huruma. Mrudishieni kwa shukrani. Na mofini ya mama vilevile isitoke nje ya chumba chake, hata kwa ndugu anayelia kwa jino.

Kila siku, mara moja mchana na mara moja usiku, mwangalie akiwa amelala. Weka simu kwenye saa ya kuhesabu, tazama kifua kikipanda, hesabu dakika nzima. Akipumua chini ya mara 10 kwa dakika, akikoroma kwa mlio wa kukoroga, midomo ikigeuka rangi, mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya kalamu na ukimtikisa na kumwita haamki, hiyo ni dharura. Mlaze ubavu, endelea kumwita na kumtikisa, mkimbizeni hospitali na chupa yenu mkononi. Msimnyweshe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Mtu asiyeamka atavipeleka kwenye mapafu. Hospitali kuna naloksoni, sindano inayoing'oa mofini kwenye vipokezi ndani ya dakika chache. Usingizi wa kawaida ni tofauti: mgonjwa ambaye hajalala wiki tatu kwa maumivu, akipata nafuu, hulala sana siku mbili za mwanzo, lakini ukimwita anaitika, anakunywa uji, anarudi kulala.

Chupa ikae kwenye kabati lenye kufuli, mbali na jua na joto la jiko, kwenye chupa yake yenye maandishi. Nimeona ikihamishiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa kwa sababu kifuniko cha kwanza kilipotea. Mtoto mwenye kiu haulizi. Hata mililita chache zinaweza kumuua mtoto mdogo. Mkisafiri kwa basi, bebeni na cheti cha daktari au karatasi ya kliniki, kwani mofini ni dawa inayodhibitiwa kisheria na mnaweza kuulizwa. Ikibaki, irudisheni kwenye dirisha la dawa la hospitali mliyoichukulia.

Nunua daftari dogo. Andika saa, mililita alizokunywa, maumivu kwa namba kati ya 0 na 10 anavyosema mwenyewe mama, na choo kama kimepatikana. Daktari atakayekuona na daftari hilo atarekebisha dawa kwa dakika tano, bila daftari atakisia. Kwa wanaosoma wakiwa mbali na Morogoro: tiba shufaa ipo Ocean Road, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na Selian kule Arusha, Kenya ipo Nairobi Hospice na Coast Hospice ya Mombasa. Wengi wao hupokea simu na wapo wanaotembelea wagonjwa majumbani.

Umeuliza kama uendelee kumpa. Kwa jinsi ulivyoeleza hali ya maumivu yake, mama anahitaji dawa ya namna hii, ila dozi na ratiba vitangoja majibu ya figo. Leo beba chupa ya mofini, pakiti za tramadoli, diklofenaki na Valium, na karatasi za Ocean Road, uziweke zote mezani kwa daktari. Mwambie kwa maneno haya: ana saratani ya mlango wa kizazi, yuko kwenye mofini, mkojo umepungua siku mbili, anashtukashtuka, hajapata choo siku sita, naomba apimwe figo.